Mtihani wa modeli ya fedha katika usaili wa kazi za uwekezaji wa majengo: anza na shiti tupu

Mwaka huu nimekaa na vijana kadhaa hapa Kampala waliofika hatua ya mwisho ya usaili katika kampuni za uwekezaji wa majengo, wakapewa mtihani wa Excel, wakarudi mikono mitupu. Wana digrii, wana vyeti vya uhasibu, wengine wameshafanya kazi benki. Niliwaomba wanioneshe walichowasilisha, na karibu wote wameangukia pale pale: walikariri kiolezo cha mtu mwingine, aghalabu cha jengo la Marekani. Swali lilipogeuka kidogo, kiolezo kikawaacha njiani.

Anayekusaili hataki kujua kama unaweza kujaza kiolezo. Anataka kujua kama kesho anaweza kuchukua shiti yako, akaenda nayo kwenye kamati ya uwekezaji, asiaibike. Kwa hiyo tutajenga modeli moja ndogo, yaani hesabu ya Excel inayoonesha fedha za jengo zinavyoingia na kutoka mwaka kwa mwaka, kutoka shiti tupu, namba kwa namba, mpaka uweze kusema kila namba imetoka wapi. Jipe wiki mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel kamili. Excel ya simu haitoshi, na lahajedwali za mtandaoni zina njia za mkato tofauti zitakazokuchanganya siku ya mtihani.
- Umeme wa uhakika. Nunua tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla) mapema, chaji betri ijae, na washa hifadhi ya kila dakika tano. Mimi niliwahi kupoteza dakika arobaini za kazi umeme ulipokatika katikati ya mtihani wa nyumbani, na kampuni haikuniongezea hata dakika moja.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida. Utaona vinafanya nini kwenye hatua ya 2 na ya 8.
- Ripoti za soko la Kampala, kama zile zinazotolewa na Knight Frank, ili ujue pango la ofisi za Nakasero na Kololo linasemwa kwa dola ngapi kwa mita ya mraba.
- Tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa viwango vya kodi na ya Benki Kuu ya Uganda kwa riba. Sheria za kodi hurekebishwa karibu kila bajeti, na mabadiliko huanza Julai mosi. Thibitisha kila kiwango wiki ya mtihani, vikiwemo nilivyoandika humu.
- Saa ya kuhesabu muda, ambayo si simu yako yenye WhatsApp.

Usinunue kiolezo. Kama unacho, kifunge mpaka umalize mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Jua umepewa mtihani wa aina gani

Ipo ya aina tatu. Wa kwanza ni wa dakika 60 hadi 90 ofisini kwao: jengo moja lenye wapangaji, mkopo mmoja, unauza baada ya miaka mitano au kumi. Wa pili ni wa saa mbili tatu, na humo huingizwa ujenzi au mgawanyo wa faida kati ya wabia. Wa tatu hutumwa kwa barua pepe ukafanye nyumbani siku mbili, nao huambatana na maelezo ya maandishi.

Muulize mtu wa rasilimali watu mambo manne: ni wa muda gani, nitatumia kompyuta yangu au yenu, nitapewa shiti yenye data au tupu, na je, nitahojiwa baadaye juu ya nilichojenga? Ni maswali ya kawaida, na hakuna atakayekupunguzia alama kwa kuuliza.

Ukiipata aina ya kwanza barabara, hizo mbili ni nyongeza juu yake. Kwa hiyo nguvu zetu tunaziweka hapo.

## Hatua ya 2: Soma swali kwa kalamu, Excel ikiwa imefungwa

Hili ndilo swali letu la mazoezi. Namba za jengo ni za kubuni, lakini zimekaa kwa uwiano unaoweza kukutana nao.

*Jengo la ofisi Nakasero lina mita za mraba 3,000 za kupangisha. Pango ni dola 12 kwa mita kwa mwezi, bila VAT. Nafasi tupu ni asilimia 10. Gharama za mwenye jengo ni dola 7,400 kwa mwezi. Bei ni dola 3,000,000. Gharama za kununua ni ushuru wa stempu wa asilimia 1.5, pamoja na dola 30,000 za mawakili na uthamini. Benki inakopesha asilimia 50 ya bei kwa riba ya asilimia 9, mkopo wa miaka 10, marejesho sawa mara moja kwa mwaka. Mapato halisi yanakua asilimia 3 kwa mwaka. Jengo linauzwa mwisho wa mwaka wa tano kwa mavuno ya asilimia 10.5 juu ya mapato ya mwaka wa sita, na gharama za kuuza ni asilimia 2. Je, tununue?*

Chukua kalamu. Kila namba iandikie kipimo chake: kwa mwezi au kwa mwaka, dola au shilingi, kwa mita au kwa jengo zima. Kisha zungushia duara neno la mwisho, "tununue". Swali linataka uamuzi, na wengi huwasilisha modeli nzuri wakasahau kuamua.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza vipimo. Dada mmoja alikuja nikutane naye mgahawani Ntinda, akafungua kompyuta akiwa na furaha.

"Kaka, mtaji umerudisha asilimia 23.6 kwa mwaka. Hii si nzuri?"

Nilitazama swali lake, ndilo hili hili. Nikamuuliza, "Hizi 7,400 kwenye D14 ni za mwezi au za mwaka?"

Alinyamaza, akashuka na kishale mpaka D14, akaiangalia seli kwa muda. Pango lilikuwa la mwaka mzima, gharama za mwezi mmoja. Alipozidisha kwa 12, ile 23.6 ikashuka hadi 12.7. Fomula zake zote zilikuwa sahihi. Seli moja tu, na uamuzi wa mamilioni ya dola ukageuka.

Umefaulu hatua hii ukiwa unaweza kumweleza mtu jengo zima kwa sentensi tatu bila kutazama karatasi, na kila namba kwenye karatasi ina kipimo kando yake.

## Hatua ya 3: Panga shiti kabla ya kuandika fomula

Tengeneza shiti tatu: ya dhana, ya hesabu, ya majibu. Namba zote ulizopewa zikae kwenye shiti ya dhana na zisionekane tena mahali pengine popote. Zipake rangi ya bluu, fomula ziwe nyeusi. Hiyo ni desturi ya kazi hii dunia nzima, na msaili ataitafuta kabla hajasoma chochote.

Onyo kubwa la hatua hii ni namba iliyopachikwa ndani ya fomula. Ukiandika `=C8*1.03`, umemficha msaili dhana yako. Akibadilisha ukuaji kwenye shiti ya dhana, mwaka mmoja utakataa kusogea na yeye ataacha kuiamini modeli yote.

Miaka iende kulia, mwaka 0 mpaka mwaka wa 6. Ndiyo, wa sita, ingawa tunauza mwaka wa tano. Mapato yake ndiyo yatakayotupa bei ya kuuzia. Fomula ya mstari mmoja iwe ile ile toka safu ya kwanza hadi ya mwisho.

Swali likiwa na tarehe, usiziandike kwa mkono. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma 03/07 kama Machi 7, ya kwetu itasoma Julai 3. Andika tarehe moja, zingine zizalishwe na fomula za tarehe za Excel, EDATE au EOMONTH.

## Hatua ya 4: Kutoka pango hadi mapato halisi

Shuka mstari kwa mstari:

- Pango lote likijaa: 3,000 × 12 × 12 = dola 432,000
- Toa nafasi tupu, asilimia 10: 43,200
- Pango linalopatikana: 388,800
- Toa gharama za mwaka, 7,400 × 12: 88,800
- Mapato halisi ya uendeshaji: 300,000

Mapato halisi yanaishia hapo. Riba haimo, marejesho ya mkopo hayamo, kodi ya mapato haimo. Nimeona watu wakitoa riba juu ya mstari huu kisha wakaitoa tena chini.

VAT nayo huwanasa wengi. Ofisi na maduka hutozwa VAT ya asilimia 18 juu ya pango, lakini fedha hiyo ni ya URA, mwenye jengo anaipitisha tu. Mtihani ukikupa pango "pamoja na VAT", gawa kwa 1.18 kwanza. Nyumba za kuishi hazina VAT kwenye pango, jambo linaloonekana zuri mpaka ukumbuke kwamba mjenzi wa nyumba hizo hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye saruji na nondo. Inabaki kuwa gharama ya ujenzi.

Ukipewa orodha ya gharama badala ya jumla, tafuta kodi ya majengo. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, hutoza asilimia 6 ya thamani ya pango iliyokadiriwa kila mwaka. Kama haimo kwenye orodha ya jengo la Kampala, iandike kama swali kwenye maelezo yako.

Umefaulu ukigawa gharama kwa pango linalopatikana ukapata takriban asilimia 23. Dada wa Ntinda alikuwa na chini ya asilimia 2. Hakuna jengo la ofisi mjini linalolindwa, kusafishwa na kuwekewa dizeli ya jenereta kwa asilimia 2 ya pango.

## Hatua ya 5: Bei, mkopo na mtaji

Gharama ya kununua ni 3,000,000, ongeza stempu 45,000, ongeza 30,000. Jumla 3,075,000. Mkopo ni 1,500,000, kwa sababu swali limesema asilimia 50 ya *bei*, si ya gharama yote. Mtaji wa mwekezaji ni 1,575,000.

Marejesho ya mwaka yanatoka kwa PMT, fomula ya Excel ya marejesho ya mkopo: riba asilimia 9, vipindi 10, mkopo 1,500,000. Jibu ni dola 233,730. Excel italitoa likiwa hasi. Amua mapema kama fedha inayotoka utaiandika hasi au chanya, na usibadili msimamo njiani.

Mikopo ya kweli hulipwa kila mwezi. Ukiambiwa hivyo, riba iwe 9% gawa kwa 12 na vipindi viwe 120. Kuchanganya riba ya mwaka na vipindi vya miezi ni kosa linaloonekana haraka kwa jicho zoefu.

Jenga ratiba ya mkopo hata kama hujaombwa: salio la mwanzo, riba, mtaji uliorudishwa (sehemu ya mkopo wenyewe, si mtaji wa mwekezaji), salio la mwisho. Mwaka wa kwanza riba ni 135,000 na mtaji unaorudi ni 98,730. Mwisho wa mwaka wa tano bado unadaiwa takriban 909,130. Salio hili ndilo benki itakalochukua siku ya kuuza, na ndilo linalosahaulika kuliko jambo lolote katika mtihani huu.

Sasa pima uwezo wa kulipa: 300,000 gawa kwa 233,730 ni mara 1.28. Jengo linalipa deni lake na kubakiza kidogo. Pango likishuka hata kwa moja ya tano, halilipi tena. Andika sentensi hiyo pembeni, utaihitaji.

## Hatua ya 6: Kuuza, na kupima faida

Mapato halisi yakikua asilimia 3, mwaka wa sita yanafika 347,782. Gawa kwa mavuno ya kuuzia ya asilimia 10.5 (mapato ya mwaka kama sehemu ya bei), bei ya kuuzia ni 3,312,212. Toa asilimia 2 ya gharama za kuuza, toa salio la mkopo, mwekezaji anabaki na takriban 2,336,800.

Mtiririko wa mtaji, kabla ya kodi:

- Mwaka 0: −1,575,000
- Mwaka 1: 66,270
- Mwaka 2: 75,270
- Mwaka 3: 84,540
- Mwaka 4: 94,088
- Mwaka 5: 103,923 pamoja na fedha za kuuza, jumla takriban 2,440,760

IRR ya mtaji, yaani faida yake ya wastani kwa mwaka kwa kuzingatia muda fedha zinapoingia, ni takriban asilimia 12.7, na mtaji unarudi mara 1.75. Bila mkopo, IRR ya jengo lenyewe ni takriban asilimia 11.2.

Zitazame hizo mbili pamoja na riba ya asilimia 9. Jengo linatoa zaidi ya riba, kwa hiyo mkopo lazima uinue faida ya mwekezaji. Kama kwako IRR yenye mkopo imetoka chini ya isiyo na mkopo, rudi nyuma, kuna kosa kwenye mkopo.

NPV ya Excel, yaani thamani ya leo ya fedha za baadaye zikipunguzwa kwa kiwango cha faida unachotaka, ina mtego wake. Inachukulia kuwa fedha ya kwanza unayoipa inaingia mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiiweka −1,575,000 ndani yake, nayo itapunguzwa thamani kana kwamba ulinunua mwaka mmoja baadaye. Kwa kiwango cha asilimia 12, jibu sahihi hapa ni karibu 49,100. Ukiweka mwaka 0 ndani, unapata karibu 43,800. Tofauti ni ndogo kiasi cha kutoshtua, na ndiyo maana wasaili wanaipenda. Andika NPV ya mwaka 1 hadi 5, kisha jumlisha mwaka 0 nje ya mabano.

Mtiririko ukiwa wa miezi, IRR itakupa asilimia ya mwezi. Igeuze kuwa ya mwaka kwa kuikuza: moja jumlisha kiwango, kipeo cha 12, toa moja. Kuizidisha kwa 12 si sahihi. Kama una tarehe kamili, XIRR inatoa ya mwaka moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Iweke modeli Uganda

Violezo vya kigeni havijui lolote la hatua hii, na hapa mtu wa hapa anaweza kumpita aliyesoma mbali.

Kodi ya pango. Kwa marekebisho yaliyoanza Julai 2022, kampuni inayopangisha hutozwa asilimia 30 ya mapato ya pango baada ya kutoa gharama, lakini gharama hizo haziruhusiwi kuvuka asilimia 50 ya pango. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango ghafi linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama yoyote.

Tuipitishe kwenye jengo letu, nikichukulia kwamba riba nayo iko chini ya kikomo hicho. Pango ni 388,800. Gharama 88,800 na riba 135,000 ni 223,800, lakini kikomo ni nusu ya pango, yaani 194,400. Kinachotozwa kodi ni 194,400 kilichobaki, na asilimia 30 yake ni 58,320.

Mwaka wa kwanza mwekezaji alikuwa na 66,270 mkononi. Baada ya kodi anabaki na 7,950. Kwa mtaji wa dola milioni moja na nusu!

Hesabu hii ndogo niliyokuonesha ina uzito kuliko fomula yoyote utakayokariri. Mtihani ukisema "kabla ya kodi", fanya kabla ya kodi. Lakini chini ya shiti ya majibu ongeza mstari mmoja unaoonesha mwaka wa kwanza baada ya kodi. Fomula ni fupi: MIN ya gharama halisi na nusu ya pango.

Dola na shilingi. Ofisi za daraja la juu Kampala hupangishwa kwa dola, ila mishahara ya walinzi na bili za maji ni shilingi. Chagua sarafu moja ya modeli, nyingine igeuzwe kwa kiwango kilicho kwenye shiti ya dhana. Usichukue mtiririko wa dola ukaupunguza kwa kiwango cha shilingi. Mwaka 2024 bondi ya serikali ya miaka 10 kwa shilingi ilikuwa ikilipa zaidi ya asilimia 15. Ukiilinganisha na jengo la dola linalotoa 12.7 bila kutaja sarafu, umelinganisha vitu viwili tofauti. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka pango liwe kwa shilingi isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha pango. Dhana ya ukuaji wa asilimia 12 itakuumbua.

Hati ya ardhi. Uliza ni mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda), milki huru, lizi (kukodi ardhi kwa miaka maalumu) au ardhi ya kimila. Mwekezaji asiye raia anaweza kushika lizi tu, isiyozidi miaka 99. Kama lizi imebakiza miaka 30, anayenunua kwako mwaka wa tano ananunua miaka 25, na hatakubali mavuno yale yale uliyonunulia wewe. Kwenye mailo, angalia kama kuna watu wa kibanja, yaani wanaokaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Haki zao zinalindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, na fidia yao ni gharama ya mradi inayotakiwa kuwa na mstari wake.

## Hatua ya 8: Tikisa modeli, kisha ikague kwa kalamu

Tumia jedwali la data la Excel kubadilisha mavuno ya kuuzia, dhana zingine zikibaki:

- Mavuno ya kuuzia 10%: IRR ya mtaji takriban 14.1%
- 10.5%: takriban 12.7%
- 11%: takriban 11.5%

Nusu asilimia tu, na faida inasogea zaidi ya asilimia moja. Sababu iko wazi ukijumlisha: karibu asilimia 85 ya fedha zote anazopata mwekezaji zinatoka siku ya kuuza. Kwa hiyo mradi huu ni dau juu ya bei ya mwaka wa tano. Ukiliandika hilo, msaili atajua unafikiri.

Majedwali mawili yanatosha: mavuno ya kuuzia dhidi ya ukuaji, na nafasi tupu dhidi ya riba. Sita ni kelele.

Kisha kaguzi nne za haraka, kikokotoo mkononi:

1. Bei kwa mita: 3,000,000 ÷ 3,000 = dola 1,000. Je, inaelekea kweli kwa eneo hilo?
2. Mapato halisi ÷ bei = 10%. Dada wa Ntinda angepata karibu 12.7% hapa, na angeshtuka mapema.
3. Weka mkopo uwe sifuri. IRR yenye mkopo lazima iwe sawa na isiyo na mkopo.
4. Weka nafasi tupu 100%. Pango lote liwe sifuri. Kama kuna mwaka bado una pango, umepachika namba mahali.

Rudisha dhana zako baada ya kujaribu. Wapo waliowasilisha modeli yenye mkopo sifuri kwa kusahau.

## Hatua ya 9: Andika uamuzi

Nusu ukurasa, sentensi ya kwanza ikiwa jibu. Kwa jengo letu mimi ningeandika hivi:

*Nisingenunua kwa dola milioni 3. IRR ya asilimia 12.7 kabla ya kodi inategemea bei ya kuuzia, na kodi ya pango inameza karibu fedha yote ya mwaka wa kwanza. Ningerudi mezani na bei ya chini, au mkopo mdogo zaidi, na ningetaka kuona mikataba ya wapangaji watatu wakubwa kabla ya kuendelea.*

Mwingine anaweza kusema nunua, akawa sahihi, kama sababu zake zinatoka kwenye namba. Kisichokubalika ni "inategemea".

Kwa mtihani wa dakika 90, gawa muda hivi: 10 kusoma, 10 kupanga shiti, 40 kujenga, 15 kutikisa na kukagua, 15 kuandika. Dakika ya 60 ikifika hujamaliza kujenga, acha mapambo, rahisisha, andika pembeni ulichorahisisha, songa mbele. Modeli ndogo inayofanya kazi inaishinda kubwa iliyokatika.

## Ukikutana na ujenzi au mgawanyo wa faida

Kwenye ujenzi, tuseme nyumba za ghorofa Kyanja au Kira, mtaji wa mwekezaji kwa kawaida huingia kwanza na mkopo hufuata. Riba ya kipindi cha ujenzi huongeza mkopo, mkopo huongeza riba, na Excel italalamika kuwa fomula inajizunguka. Kokotoa riba juu ya salio la mwanzo wa mwezi, mzunguko utakatika.

Kwenye mgawanyo, fuata maji yanavyoshuka: kwanza kila mmoja arudishiwe mtaji wake, kisha wawekezaji wapate faida yao ya kwanza, mathalani asilimia 8 kwa mwaka, kinachobaki kigawanywe kwa uwiano wa mkataba. Hakikisha jumla ya waliyogawana kila mwaka ni sawa na fedha iliyokuwepo. Mstari huo mmoja wa ukaguzi unakamata makosa mengi.

## Hatua ya 10: Kujitetea

Utaitwa ueleze. Wanaouliza hupenda sana swali hili: "Jengo linatoa asilimia 9.8 ya gharama yake, riba ni 9, mbona mwekezaji anapata asilimia 4.2 tu ya mtaji wake mwaka wa kwanza?" Jibu: kwa sababu marejesho yana riba na mtaji pamoja. Kila mwaka benki inachukua asilimia 15.6 ya mkopo wa awali, na ule mtaji unaorudishwa hauonekani mfukoni mpaka siku ya kuuza, salio likiwa limeshuka hadi 909,130.

Jizoeze kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua fedha. Akikuuliza "kwa nini?" mara tatu na bado una jibu, uko tayari. Ukigundua kosa lako ukiwa mbele yao, liseme mwenyewe: "Hapa nimekosea, gharama ni za mwezi. Nikirekebisha, IRR inashuka hadi 12.7, na uamuzi wangu unabadilika." Kisha rekebisha wakiona.

## Wiki mbili zako

Siku tatu za kwanza, jenga jengo la Nakasero kila siku kutoka shiti tupu, ukitazama mwongozo huu. Siku ya nne mpaka ya saba, lijenge bila kutazama na saa ikikimbia. Wiki ya pili, badilisha: fanya maduka ya Ntinda kwa shilingi, ghala la Namanve lenye mpangaji mmoja, mkopo wa kila mwezi. Siku moja kabla ya mtihani usijenge chochote. Chaji kompyuta, soma viwango vya URA mara ya mwisho, na hakikisha faili yako ya mazoezi ya mwisho inafunguka kwenye kompyuta ya mtu mwingine bila onyo lolote la viungo vilivyovunjika.